Nguvu Gani? Uhakiki wa Istilahi katika Mswada wa Vifaa vya Utengamao

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu robo hii ili lugha yake ithibitishwe kabla ya kupigwa chapa, umo mmoja uliotushughulisha kupita kawaida. Ni tafsiri ya mwongozo wa ufundi yenye kurasa 84. Inaeleza namna ya kubuni na kutengeneza, kwa gharama ndogo, kifaa cha umeme kinachopima jinsi kiungo cha mgonjwa kinavyosukuma au kusukumwa wakati mashine inapomfanyisha mazoezi: goti lililokakamaa baada ya mfupa kuvunjika, au kiwiko cha mtu aliyepatwa na kiharusi. Mfasiri hatumtaji, wala taasisi iliyomtuma kazi. Kosa tunalokusudia kulieleza si lake peke yake. Sehemu yake, kama itakavyoonekana, ni yetu sisi.

Haja ya mwongozo wa namna hii haina ubishi. Daktari Robert Salter wa Toronto, Kanada, alianza katika miaka ya 1970 kutetea rai kwamba kiungo kilichoumia kinafaa kusogezwa taratibu na mfululizo badala ya kufungwa kisicheze. Tangu hapo mashine za kusogeza viungo zimeenea katika hospitali nyingi za ulimwengu. Lakini mashine isiyojua kiungo kinaipinga kwa kiasi gani ni kama mtu anayesukuma mlango gizani: hajui kama nyuma yake pana komeo au pana mtoto. Vifaa vya viwandani vya kuipa mashine ujuzi huo huuzwa kwa mamia ya dola, na vingine hupita elfu. Kwa hiyo mafundi wetu, wakiwamo wale wanaosomeshwa Moshi, ambako mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa tangu 1981, wana haki ya kupata maelezo hayo kwa lugha wanayofanyia kazi. Ndiyo maana tumeuhakiki mswada huu kwa ukali. Kitabu kisichohitajika hakidhuru mtu hata kikiwa na makosa.

Anwani

Tuanze na anwani, maana ndiyo mlango wa kitabu. Mswada unaitwa "Sensa Rahisi za Nguvu kwa Vifaa vya Ukarabati wa Mwili". Katika maneno haya manne yanampeleka msomaji kusiko.

Sensa, kwa mwananchi yeyote wa Kenya au Tanzania, ni hesabu ya watu, kama ile ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022. Karani wa masjala atakayepokea kitabu hiki hatalaumika akikipeleka idara ya takwimu. Neno kihisi limekwisha kuzoeleka miongoni mwa walimu na wahandisi kwa maana ya chombo kinachotambua hali fulani na kutoa ishara yake. Linatokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtu, na halikugongana na neno jingine. Hatuoni sababu ya kuliacha.

Rahisi ina maana mbili: isiyo ghali na isiyo ngumu. Kifaa kinachoelezwa si ghali, lakini ni kigumu. Sura nzima ya mwongozo inaonya juu ya ugumu huo. Penye maana mbili msomaji huchagua inayompendeza, na fundi aliyeahidiwa urahisi ataruka maonyo. Iandikwe: ya gharama nafuu.

Ukarabati hufanyiwa nyumba, barabara na meli. Watumishi wa afya Tanzania wamekwisha kuzoea kusema huduma za utengamao, na sisi tunawaunga mkono. Mtu hutengamaa baada ya msukosuko, na hata nchi hutengamaa baada ya vita. Neno hilo halimfanyi mgonjwa kuwa jengo bovu, na linaonyesha kuwa yeye mwenyewe ndiye anayerejea katika hali yake.

Limebaki neno la nne, nguvu, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Neno moja, dhana nyingi

Katika lugha ya kila siku nguvu hubeba mizigo mingi bila kulalamika. Mgonjwa hurudiwa na nguvu, dawa ina nguvu, polisi hutumia nguvu, mota ina nguvu, na hoja nayo ina nguvu. Hilo si ila ya Kiswahili. Mazungumzo huwa na muktadha wake. Lakini sayansi hugawa uwanja huo kwa mipaka. Kuna kani, yaani msukumo au mvuto, inayopimwa kwa newton. Kuna nishati, inayopimwa kwa jouli. Kuna kasi ya kutumia nishati hiyo, inayopimwa kwa wati. Nchini Kenya nishati huitwa kawi, na iko Wizara ya Kawi, ilhali Tanzania iko Wizara ya Nishati. Tofauti hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu kila upande una jina moja kwa dhana moja. Jina moja likipewa dhana nne, hapo ndipo madhara yanapoanza.

Katika ukurasa wa 52 wa mswada tumekuta nguvu mara tisa. Mara tatu ni kani, mara mbili ni uwezo wa betri, mara moja ni uimara wa gundi, na mara tatu ni ile dhana ambayo kitabu kizima kimeandikwa kwa ajili yake: uwezo wa kani wa kuzungusha kitu kwenye egemeo lake. Katika ukurasa huo huo, ndani ya kisanduku chenye mistari mizito, liko onyo hili: "Nguvu isizidi 20."

Maandishi ya asili yanasema newton-meta 20. Tuone tafsiri inafanya nini. Tuchukue mashine ya goti, ambayo mkanda wake umefungwa mguuni meta 0.4 kutoka kwenye goti. Newton-meta 20 katika umbali huo ni kani ya newton 50, karibu sawa na uzito wa mzigo wa kilo 5. Msomaji wa kwanza, ambaye ni mwalimu wa fizikia, ataliona neno nguvu na kudhani newton 20. Kwa umbali ule zitakuwa newton-meta 8, na mgonjwa atafanyishwa zoezi chini ya nusu ya lile lililokusudiwa. Msomaji wa pili ni fundi ambaye chombo chake ni mizani ya springi. Yeye atadhani kilo 20. Kilo 20 ni kama newton 196, na kwa umbali ule ni zaidi ya newton-meta 78, karibu mara nne ya kikomo. Kosa la kwanza litampotezea mgonjwa miezi. La pili laweza kuumiza upya goti lililokaa wiki nyingi ndani ya plasta.

Wala haitoshi kusahihisha onyo kwa kuandika "newton 50". Mkanda huo ukifungwa kwenye mguu wa mtoto, meta 0.25 kutoka kwenye goti, newton hizo hizo 50 zitaleta newton-meta 12.5 tu. Kinachohisiwa na goti si kani peke yake, wala si umbali peke yake. Ni kani ikizidishwa kwa umbali. Dhana hiyo ni moja, nayo inastahili jina lake yenyewe.

Tulivyojifunza karakanani

Kabla ya kuandika lolote tuliuchukua mswada hadi karakana ya hospitali moja. Humo tulimkuta mtaalamu wa fiziotherapia pamoja na fundi mzee ambaye amekuwa akitengeneza magongo na viti vya magurudumu kwa miaka mingi. Baada ya kumwamkia mzee huyo tulimsomea onyo la ukurasa wa 52. Hakucheka, ila aliuliza:

"Nguvu hiyo naipimia wapi, mwanangu? Penye goti au penye kisigino?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu mswada haukuwa nalo. Mzee akatupeleka kwenye kiti kimoja ambacho nati ya gurudumu lake ilikuwa imeshika kutu. Aliikamata kwa spana fupi, akakaza mkono, nati isitoke. Akachukua kipande cha bomba, akakichomeka kwenye mpini wa spana, akasukuma mwisho wa bomba kwa kiganja. Nati ikalegea. Tukamwuliza kama ameongeza nguvu.

"Nguvu ni ile ile, mwanangu. Nimeongeza urefu."

Sisi tulisoma chuo kikuu, na katika kabati letu mna faili la istilahi za fizikia. Hata hivyo hatukuwa tumewahi kusikia dhana hii ikielezwa kwa maneno machache kiasi hicho. Tukakumbuka, kwa haya, jambo jingine. Miaka michache nyuma mfasiri alitupigia simu akitaka jina la dhana hii hii, kwa haraka, kwa kuwa mpiga chapa alikuwa akingoja. Tulimjibu papo kwa papo: "Nguvu ya mzunguko." Jibu hilo liliingizwa katika daftari letu la majibu bila kujadiliwa na jopo. Mfasiri wa mswada huu ameeleza katika barua yake kwamba neno lake amelipata kutoka daftari hilo, na kwamba amelifupisha tu ili sentensi zisiwe ndefu. Hivyo onyo la ukurasa wa 52 lina mkono wetu.

Majina yanayoshindana

Tangu hapo tumekusanya majina yanayotumiwa na watu mbalimbali, na tunayaweka hapa yapimwe.

Nguvu ya mzunguko, pamoja na nduguye kani ya mzunguko, yana kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mzunguko umekwisha kuwa na kazi nyingi: mzunguko wa damu, wa fedha, wa umeme. Ya pili ni kubwa zaidi. Nati iliyoshika kutu haizunguki, lakini spana inaielemea kwa kiasi kikubwa mno. Goti lililokakamaa halikunjiki, na hapo ndipo kihisi kinapohitajika kuliko wakati wowote. Jina linaloahidi mzunguko mahali pasipozunguka kitu linasema uongo. Juu ya hayo, jina la maneno matatu hukatwa na mwandishi mwenye haraka, na kinachobaki ni nguvu.

Msokoto ni neno zuri, lakini ni la jambo jingine. Kamba husokotwa, mtaimbo ulioshikwa upande mmoja na kuzungushwa upande wa pili husokoteka. Msokoto ni yale yanayokipata chuma, si kile kinachoyasababisha. Tunapendekeza libaki hapo, maana katika kitabu hiki hiki linahitajika kwa kazi hiyo.

Momenti inajulikana na kila mwanafunzi aliyesoma kanuni ya momenti kwa kutumia rula na mawe. Darasani iendelee. Wahandisi, hata hivyo, huitumia pia kwa kani inayopinda boriti, na katika mswada huu kupinda na kusokota ni mambo mawili yanayopasa kutenganishwa ukurasa baada ya ukurasa.

Torki ni fupi, inafuata sauti za Kiswahili, na haigongani na neno lolote. Upungufu wake ni kwamba haimfundishi kitu msomaji asiyeijua kwingineko. Lakini tuseme kweli: neno bubu ni bora kuliko neno lenye uongo. Laiti mfasiri angeandika torki 20, fundi angesimama na kuuliza. Kwa kuwa aliandika nguvu 20, fundi angedhani ameelewa.

Jina la tano tunalipendekeza sisi, nalo ni kaniwenzo. Mfano wake upo. Shule za Tanzania zimezoea kanieneo, yaani kani inavyogawanyika juu ya eneo. Mwanafunzi akisikia jina hilo anajua vitu viwili vya kutafuta. Kaniwenzo nayo inataja viwili: kani, na wenzo unaoipa kani hiyo uwezo. Wenzo ni neno la kale la mti wa kuinulia au kusukumia kitu kizito, na watoto wa shule za msingi hufundishwa sehemu zake: egemeo, mzigo na jitihadi. Bomba la yule mzee lilikuwa kurefusha wenzo. Tena, kwa kuwa ni neno moja, haliwezi kukatwa kati na mwenye haraka.

Tumekwisha kusikia pingamizi tatu. Ya kwanza inasema kwamba nyenzo, wingi wa wenzo, siku hizi ni vitendea kazi na rasilimali, kama watumishi wa serikali wanavyosema "hatuna nyenzo". Ni kweli, lakini umoja wake umebaki na maana yake ya asili, na istilahi yetu inatumia umoja. Ya pili inasema kwamba kinachozidishwa si wenzo bali urefu wa mkono wa wenzo, kuanzia egemeo na kwa pembe mraba na kani. Hiyo nayo ni kweli, na ndiyo kazi ya fasili. Jina halibebi fasili nzima, kama vile kanieneo isivyosema kama ni kuzidisha au kugawanya. Ya tatu ndiyo nzito: kwamba watu hawatalitumia. Juu ya hilo hatuna hoja, tuna ombi tu kwamba lijaribiwe. Torki tusiifukuze, iwe kisawe mpaka matumizi yaamue.

Newton-meta si jouli

Katika sura ya tano mfasiri amefanya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la ujuzi. Amebadili newton-meta zote kuwa jouli, akieleza pembeni kwamba ni kitu kimoja na kwamba jouli ni fupi. Kwa hesabu tupu vizio hivyo vinalingana. Kwa maana havilingani, na wataalamu wa vipimo wa kimataifa wanashauri visibadilishane. Katika jouli, kani na mwendo vinafuatana njia moja: unasukuma mkokoteni newton 20 kwa meta moja, nao unakwenda. Katika newton-meta ya kaniwenzo, kani inasimama kwa pembe mraba na mkono wa wenzo, na huenda hakuna kilichokwenda. Mgonjwa anayeshindana na mashine bila goti kukunjika hajafanya kazi hata jouli moja kwa lugha ya fizikia, ingawa jasho linamtoka na mashine inasoma newton-meta 15. Mtaalamu atakayesoma katika taarifa "jouli 15" ataandika kwamba goti limesogea. Turudishe newton-meta kila mahali.

Ndani ya kihisi

Mwongozo unaeleza njia tatu za kutengeneza kihisi hiki, na kila moja inadai msamiati wake.

Njia ya kwanza ni kubandika juu ya mtaimbo wa chuma kipande chembamba chenye waya ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika unapovutwa. William Thomson, aliyeitwa baadaye Lord Kelvin, aliieleza tabia hiyo ya waya mnamo 1856. Mwaka 1938 Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake huko Marekani, wakaigeuza kuwa kipande cha kubandikwa. Mswada unakiita "kipimo cha mkazo". Hapa tunapinga. Mkazo ni kani juu ya eneo la chuma, na kipande hiki hakiuoni. Kinachokipata ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali. Tunapendekeza badiliko hilo liitwe mnyumbuko, kutokana na kunyumbuka, yaani kuvutika bila kukatika, na chombo chake kiitwe kipimamnyumbuko. Mnyambuliko, uliopendekezwa na mwenzetu mmoja, ni mali ya sarufi na usiguswe.

Ukubwa wa jambo lenyewe uelezwe, kwa maana ndio unaoeleza ugumu. Chuma kikinyumbuka sehemu moja katika elfu, kipande chenye ukinzani wa omu 350 na kipeo cha 2 hubadilika kwa omu 0.7 tu. Ndipo inapohitajika saketi iliyoelezwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833 na kutangazwa na Charles Wheatstone mwaka 1843. Mfasiri ameiita daraja, na sisi hatuna neno bora. Lakini pale anapoandika "daraja kamili" na "nusu daraja", msomaji mtumishi atafikiria vyeo na mishahara. Iandikwe saketi ya daraja yenye vipande vinne, na yenye vipande viwili. Ni ndefu, lakini haihitaji maelezo. Saketi yenye vipande vinne ikipewa volti 5 na mnyumbuko ule ule katika kila kipande hutoa milivolti 10. Ishara ndogo hiyo yaweza kusomwa kwa chipu ya HX711, ambayo hutumika katika mizani za elektroniki za gharama nafuu. Hapo ndipo unafuu wa kazi nzima ulipo.

Katika ukurasa wa 29 tumesoma: "Bandika kwa nyuzi 45." Maana ni nyuzi za pembe, kwa kuwa mtaimbo ukisokotwa, uso wake huvutika upande mmoja wa mshazari na kubanwa upande wa pili. Lakini katika kurasa zinazozungumzia waya na gundi, fundi atatafuta nyuzi za kushonea. Iandikwe: kwa pembe ya nyuzi 45 na mhimili wa mtaimbo.

Njia ya pili ni kuweka springi kati ya mota na kiungo, kisha kupima pembe ambayo springi imesokoteka. Wazo hilo lilipewa sura yake na Gill Pratt na Matthew Williamson wa Marekani mwaka 1995. Hapa mfasiri amefanya vizuri. Ameandika "ugumu wa springi" na kueleza kwamba ni newton-meta kwa kila radiani, akatoa mfano unaoeleweka: springi ya newton-meta 100 kwa radiani ikisokoteka radiani 0.1, kiungo kinapata newton-meta 10. Tumeondoa tu "kutambaa kwa plastiki", alimokusudia kulegea polepole kwa springi ya plastiki iliyoachwa chini ya mzigo. Vitambaavyo ni nyoka na mimea.

Njia ya tatu ni kupima mkondo wa umeme unaoingia katika mota na kukisia kaniwenzo kutokana nao. Ndiyo isiyo na gharama kabisa, na mwongozo unaonya kwamba ndiyo inayodanganya. Msuguano wa meno ya giaboksi hula sehemu ya kaniwenzo kabla haijafika mguuni, na mgonjwa dhaifu aweza kusukuma kwa juhudi yake yote mota isipate habari. Katika tafsiri onyo hilo limekuwa "nguvu ya mota si sawa na nguvu ya mgonjwa", sentensi ambayo hakuna atakayeipinga na hakuna atakayejifunza kitu kutokana nayo. Tunaipendekeza hivi: "Kaniwenzo inayokisiwa kutokana na mkondo wa mota huwa na msuguano wa giaboksi ndani yake, usiitumie kupima juhudi ya mgonjwa dhaifu."

Kulinganisha si kurekebisha

Jambo la mwisho ni lile la kuhakikisha kwamba kihisi kinasema kweli. Mwongozo unafundisha njia ambayo karakana yoyote inaimudu: funga wenzo ulalo, tundika uzito unaojulikana katika umbali unaojulikana, soma namba, ongeza uzito, soma tena, kisha uondoe mmoja mmoja uone kama namba zinarudi zilikotoka. Kilo 2 katika umbali wa meta 0.25 ni newton-meta 4.9. Mswada unaita shughuli hii "kurekebisha kihisi". Fundi anayeambiwa arekebishe atachukua bisibisi, ilhali anachotakiwa ni kutogusa kitu, bali kuandika. Tunapendekeza kulinganisha, na nomino yake ulinganishaji. Kuhakiki tusikuchukue, kwa sababu huko ndiko wakaguzi wa vipimo wanakopiga chapa mizani za sokoni, na kihisi kilicholinganishwa karakanani hakijahakikiwa na mamlaka yoyote. Tofauti hiyo hospitali inapaswa kuijua.

Hukumu yetu

Mswada huu usikataliwe. Sura inayoeleza namna ya kubandika kipimamnyumbuko ni Kiswahili ambacho tungependa kukiona katika vitabu vingi zaidi: sugua chuma kwa msasa laini, kifute kwa spiriti, usikiguse tena kwa kidole, bana kwa muda gundi ishike. Hakuna neno la ziada na hakuna linalotatanisha. Tulipomwuliza mfasiri alisema kwamba sura hiyo aliitafsiri akiwa amekaa karibu na fundi anayefanya kazi hiyo, na nyinginezo alizitafsiri mezani kwake peke yake. Nasi jibu letu la simu tulilitoa mezani kwetu. Kwa hiyo tumeamua kwamba istilahi za ufundi hazitajibiwa tena kwa simu na ofisi hii kabla hazijasomwa mbele ya mtu anayekishika kitu chenyewe, na daftari letu limekwisha kufutwa neno lile.

Istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa matumizi ya majaribio:

Kaniwenzo (kisawe: torki): zao la kani na umbali wake kutoka kwenye egemeo, umbali ukipimwa kwa pembe mraba na kani. Kizio chake ni newton-meta.

Kihisi cha kaniwenzo: chombo kinachotambua kaniwenzo na kutoa ishara inayoweza kusomwa.

Msokoto: badiliko la umbo la mtaimbo au springi linalosababishwa na kaniwenzo.

Mnyumbuko: badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa awali. Halina kizio.

Kipimamnyumbuko: kipande chembamba chenye waya kinachobandikwa juu ya kitu ili kuonyesha mnyumbuko wake.

Mkazo: kani ikigawanywa kwa eneo ndani ya kitu kilichoelemewa.

Ulinganishaji: kuandika namba za chombo mkabala wa viwango vinavyojulikana, bila kukigusa chombo.

Walimu wa fizikia, wafasiri, na hasa mafundi wa hospitali wanaombwa kuzijaribu na kutuandikia. Atakayeona kwamba kaniwenzo inakwama mdomoni, au kwamba karakanani kwake kuna neno ambalo hatukulisikia, atuletee pamoja na sentensi tatu ambamo neno hilo linatumika, na aeleze ni kazi gani ilikuwa ikifanywa liliposemwa.